Magunia ya Matiri na lugha ya kompyuta

Nilipokuwa kijana kule Matiri, wilayani Mbinga, nilipata kibarua cha kupanga magunia ya kahawa ghalani. Gunia lililowekwa mwisho ndilo lililoondolewa kwanza. Siku moja karani alilitaka la chini kabisa, nasi tukajifanya wajanja kulichomoa. Rundo zima likaporomoka.

Nimelikumbuka rundo hilo kwa sababu ya Forth, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Mmarekani Charles Moore. Alikusudia kuiita "Fourth", yaani ya nne, lakini mashine yake ilikubali majina ya herufi tano tu. Mwaka 1971 ilikuwa tayari inaendesha darubini ya redio huko Kitt Peak, Arizona.

Katika Forth, namba hupangwa kama magunia. Tuseme mkulima ana kilo 60, na bei ni shilingi 4,000. Unaandika 60, kisha 4000, kisha alama ya kuzidisha. Alama hiyo huchukua namba mbili za juu, huzizidisha, na kurudisha 240000 juu ya rundo. Mabano hayahitajiki. Tena hatua hizo unaweza kuzipa jina. Ukiandika

: MALIPO 4000 * ;

basi tangu hapo "60 MALIPO" yatosha. Kompyuta imejifunza Kiswahili, na hatukuomba ruhusa kwa mtu!

Lugha nzima yaweza kuenea katika kilobaiti 8. Chombo Philae, kilichotua juu ya nyota yenye mkia tarehe 12 Novemba 2014, kilibeba chipu zilizoundwa kwa ajili ya Forth. Karibu nasi zaidi, kompyuta ndogo za XO walizogawiwa wanafunzi wa Rwanda kuanzia 2008 ziliamshwa na programu ya Forth.

Kero zipo. Ukisahau namba moja, yanakupata yale ya ghalani, na kusoma kazi ya mwenzio ni taabu. Hata hivyo mimi naipenda, kwa kuwa fundi mmoja anaweza kuijua yote, juu hadi chini. Msimu mmoja wakulima wa nyumbani walisubiri fedha zao juma zima: programu ya ofisini ilikwama, aliyeiuza hakupatikana, na hapakuwa na mtu aliyejua kilichomo ndani.

Mpwa wangu ameiandika hesabu hiyo ya malipo kwa Forth. Imeenea katika ukurasa mmoja wa daftari, na sasa anamsomea karani, neno kwa neno.