Kutia Rejeta Mpya Katika Gari la Zamani

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki motokaa hazitupwi upesi. Toyota Corolla zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1990 bado zaonekana barabarani kila siku. Nyingine ni teksi, nyingine huchukua mboga kupeleka sokoni, na nyingine ndizo zinazolipa ada za baadhi yetu sisi tunaosoma hapa. Gari likiisha kupita miaka 25, injini yake yaweza kuwa bado nzima, lakini rejeta yake mara nyingi imekwisha. Mwenye gari huenda dukani, naye huonyeshwa rejeta mpya ambayo haikutoka katika kiwanda cha Toyota, bali imetengenezwa na kiwanda kingine ili iingie mahali pa ile ya kwanza. Bei yake ni nafuu. Je, ainunue? Na akiinunua, itiwe namna gani?

Jibu ni hili: rejeta ya namna hiyo yaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka mingi, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, ipimwe kabla ya kulipiwa. Pili, ijulikane ni kitu gani kilichoiharibu ile ya zamani. Asiyetafuta sababu hiyo atanunua rejeta mbili, na pengine injini pia.

KAZI YA REJETA

Petroli iwakapo ndani ya silinda, joto la moto wake hupita digrii 2,000 za Sentigredi. Kifuniko cha injini ya Corolla hizo, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, ni cha alumini, nayo alumini huyeyuka kwa digrii 660. Injini haiyeyuki kwa sababu maji huizunguka daima. Kwa kukadiria, thuluthi moja ya joto la petroli hutoka na moshi, na sehemu nyingine karibu sawa na hiyo huchukuliwa na maji. Kilichobaki ndicho kinachoyazungusha magurudumu.

Pampu huyasukuma maji yapite pembeni mwa silinda na ndani ya silinda hedi. Yakiisha kupata moto hupita katika mpira wa juu na kuingia katika rejeta. Humo hushuka katika mabomba membamba yaliyounganishwa kwa mapezi ya madini, upepo ukipita katikati yake. Yakiisha kupoa hurudi katika injini kwa njia ya mpira wa chini. Jina la chombo hiki katika Kiingereza lina maana ya kitu kinachotoa joto kwa mnururisho, lakini wanafunzi wa fizikia wataona kwamba jina hilo lapotosha. Joto kubwa zaidi huchukuliwa na upepo. Upepo usipopita, rejeta haina kazi.

Motokaa za kwanza hazikuwa na chombo hiki. Bi. Bertha Benz alipoendesha motokaa ya mumewe kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, katika Ujerumani, mwaka 1888, ilimpasa kusimama mara kwa mara njiani ili aongeze maji, maana yalikuwa yakichemka na kupotea hewani. Mwaka 1901 Mercedes mpya iliyobuniwa na Wilhelm Maybach ilikuwa na rejeta yenye mabomba madogo zaidi ya 8,000, yaliyopangwa kama sega la nyuki. Tangu hapo motokaa iliweza kwenda mbali kwa maji yale yale.

KIFUNIKO NACHO KINA KAZI

Watu wengi hudhani kifuniko cha rejeta ni cha kuzuia maji yasimwagike tu. Sivyo. Kifuniko kina springi inayozuia mvuke mpaka kani yake ifike kipimo fulani. Kifuniko cha Corolla nyingi za miaka hiyo kimeandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa kani hiyo, maji ambayo pwani yangechemka kwa digrii 100 hayachemki mpaka yafike karibu digrii 119.

Jambo hili ni kubwa kwa wakaao nyanda za juu. Mji wa Iringa uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji katika sufuria huchemka kwa digrii 95 hivi. Gari litokalo Dar es Salaam hupanda mlima wa Kitonga likiwa na mzigo, kwa mwendo mdogo, na upepo unaopita katika rejeta ni haba. Kifuniko kilichochoka, ambacho mpira wake umekatika, huweza kulisimamisha gari hapo hata kama rejeta ni mpya kabisa. Basi unaponunua rejeta, angalia namba ya kifuniko. Iwe ile ile ya zamani.

KWA NINI REJETA HUFA

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba tupu, na fundi mwenye lehemu aliweza kuziba tundu kwa muda mfupi. Rejeta ya Corolla za miaka ya 1990 ni ya namna nyingine. Katikati ni madini, lakini tangi la juu na tangi la chini ni ya plastiki, yamebanwa kwa meno ya madini juu ya mpira. Plastiki hiyo huchoka kwa joto. Rangi yake nyeusi hugeuka kuwa ya kahawia, kisha hufanya ufa, na ufa huo haulehemiki. Gundi itashika siku chache tu. Wengine hutia yai bichi ili lizibe tundu. Yai huganda kweli, lakini huganda pia ndani ya mabomba membamba yaliyo mazima.

Kama ni plastiki tu iliyochoka, sababu imejulikana. Lakini kama rejeta imezibika kwa kutu, au gari limekuwa likichemka kabla ya kuvuja, hapana budi kutazama mambo manne kabla ya kutia mpya.

1. Feni. Injini ikipata moto, je, feni yazunguka yenyewe?

2. Pampu ya maji. Je, yavuja chini yake, au yatikisika?

3. Gasketi ya silinda hedi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza maji, kisha washa. Mapovu yakizidi kutoka bila kukoma, huenda hewa ya moto ya silinda inaingia katika maji. Rejeta mpya haitaponya ugonjwa huo.

4. Thamostati, yaani kizibo kinachofunguka kwa joto. Kitundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, kisha pasha moto. Kikiwa kimeandikwa 82, kianze kufunguka karibu na digrii 82. Jaribio hili laweza kufanywa hata katika maabara ya shule.

Hapa yafaa kusema neno juu ya desturi moja ya gereji zetu. Gari likichemka, fundi huitoa thamostati na kuitupa, akidhani amelisaidia. Katika Corolla hizi kizibo hicho hufanya kazi mbili: kikifungua njia ya rejeta, hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji katika injini bila kupita katika rejeta. Kikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi bila kupozwa. Tena asubuhi injini hukawia kupata moto, nayo hula petroli zaidi na kulika upesi.

KUIPIMA DUKANI

Nenda na rejeta ya zamani, au uwe na vipimo vyake vilivyoandikwa. Usitosheke na neno la mwenye duka kwamba "hii ni ya Corolla," maana Corolla ni za namna nyingi. Linganisha mambo haya: upana, urefu na unene wa sehemu ya katikati, unene wa midomo ya kuingizia mipira na mahali ilipo, vijiti viwili vya chini, mahali pa kufungia feni, na wingi wa mapezi. Rejeta mbili zaweza kulingana sura, lakini moja ikawa nyembamba zaidi na mapezi yake machache. Itaingia vizuri, na mjini haitaleta taabu. Mlimani ndiko itakakojulikana.

Gari la otomatiki lataka uangalifu zaidi. Ndani ya tangi la chini la rejeta yake mna bomba la kupozea mafuta ya gia, na nje huonekana midomo miwili ya bomba hilo. Usitie katika gari hilo rejeta isiyo na midomo hiyo, maana mafuta ya gia yatakosa mahali pa kupoa.

KUITOA NA KUITIA

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa. Kufungua kifuniko injini ikiwa na moto ni hatari kubwa: kani ikiondoka ghafula, maji yaliyopita digrii 100 huchemka mara moja na kuruka usoni. Wako watu waliopofuka kwa haraka ya dakika chache.

Toa kwanza waya wa hasi wa betri, kwa kuwa feni ya umeme yaweza kuanza yenyewe. Weka karai chini, fungua bomba la kumwagia maji, ukayakinge yote. Maji hayo yakiwa na dawa ya kupozea, ni sumu, nayo yana ladha tamu. Watoto na mbwa huweza kuyanywa. Usiyamwage uani.

Legeza klipu, toa mipira. Mpira uliogandamana usipindwe kwa nguvu. Ukate kwa kisu kwa urefu, maana mpira mpya si ghali. Kama gari ni la otomatiki, toa pia mabomba ya mafuta ya gia na kuyaziba. Chomoa waya wa feni, fungua vishikio viwili vya juu, kisha inua rejeta moja kwa moja kwenda juu. Kama mbele yake kuna rejeta nyingine ya mtambo wa hewa baridi, usiiguse wala usifungue mabomba yake.

Sasa tazama raba mbili za chini zilizokuwa zikishika vile vijiti. Zikiwa zimekufa, tia mpya. Rejeta haikufungwa kwa chuma juu ya chuma. Imekalia raba ili mitikisiko ya barabara isiifikie. Hapa ndipo rejeta nyingi za kiwanda kingine huharibiwa. Tundu la bolti likikosa kulingana kwa milimita chache, fundi mwenye haraka huivuta kwa bolti mpaka ikubali. Itakubali, lakini tangi la plastiki litakuwa limevutwa usiku na mchana, na baada ya miezi litafanya ufa penye mdomo. Basi sahihisha kishikio, usiivute rejeta. Isipowezekana, irudishe dukani.

Hamisha feni na bamba lake. Rudisha pia vipande vya sponji vilivyokuwa pembeni, maana vyalazimisha upepo upite ndani ya mapezi badala ya kuzunguka kando. Ondoa vizibo vya plastiki vilivyotiwa kiwandani katika midomo. Tia mipira mipya, na klipu zikae nyuma ya ukingo ulioinuka wa mdomo, zisikae juu yake.

KUJAZA MAJI NA KUTOA HEWA

Maji ya kisima yenye chumvi huacha magadi ndani ya mabomba, na maji matupu hulitia chuma kutu. Changanya dawa ya kupozea na maji safi yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Kama dawa imekwisha kuchanganywa kiwandani, usiongeze maji.

Hakikisha bomba la kumwagia maji limefungwa, kisha mimina polepole. Rudisha waya wa betri, washa injini kifuniko kikiwa wazi, ukiwa umefungua hita ya gari mpaka mwisho. Hewa itatoka kwa mapovu na maji yatashuka; ongeza. Mpira wa chini ukipata moto, ujue thamostati imefunguka na maji yanazunguka. Hapo funga kifuniko, na katika chupa ya akiba tia mpaka kati ya alama mbili. Ngoja feni izunguke yenyewe. Endesha mwendo mfupi, liache gari lipoe mpaka asubuhi, kisha tazama tena maji, mipira na ardhi chini ya gari. La otomatiki lipimwe na mafuta ya gia pia.

MWISHO

Kama siku moja mshale wa joto utapanda njiani, simamisha gari, zima injini, ungoje. Usimwagie injini maji baridi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na silinda hedi iliyozidiwa na moto hupinda. Ikiisha kupinda, gharama yake huwa kubwa kuliko rejeta kadhaa.

Hatuna sababu ya kuidharau rejeta kwa kuwa ni ya bei nafuu, wala kuiamini kwa kuwa ni mpya. Kwa wengi wetu gari la zamani ndilo shamba la nyumba. Saa moja ya kupima kwa futi, na siku moja ya kutafuta sababu ya ugonjwa, huliweka barabarani miaka mingine mingi.