Sarafu Haikumbuki, Mfuko Unakumbuka

Hadithi, hadithi! Itikieni, wajukuu zangu: hadithi njoo! Ya leo ni ya kweli tupu. Ni habari ya mtu aliyerusha sarafu mara 10,000, na matokeo ya kila mrusho yakaandikwa.

Mtu huyo aliitwa John Kerrich, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwaka 1940 alikuwa safarini Denmark, kwa wakwe zake. Aprili mwaka huo majeshi ya Ujerumani yakaivamia nchi ile, na Kerrich, kwa kuwa alikuwa raia wa Uingereza, akawekwa kizuizini katika kambi ya Hald, huko Jutland. Kambini akampata mwenzake, Eric Christensen. Wawili hao wakaona siku zisiwapite bure. Wakaanza kuijaribu bahati yenyewe, waone ina desturi gani.

Sasa sikilizeni vizuri. Sarafu isiyo na hila ina pande mbili zenye nafasi sawa, kwa hiyo uwezekano wa kupata kichwa ni nusu. Hilo unalijua hata kabla hujaigusa sarafu, na ndiyo maana tunauita uwezekano wa kinadharia. Lakini uko uwezekano mwingine, unaopatikana kwa kutenda. Unarusha, unaandika, kisha unachukua idadi ya vichwa ulivyopata na kuigawanya kwa idadi ya mara zote ulizorusha. Huo ni uwezekano wa kimajaribio.

Katika mirusho 10 ya mwanzo, Kerrich alipata vichwa 4. Ilipofika 100, vichwa vilikuwa 44. Kwenye 1,000 vikawa 502, na mwisho wa kazi, kwenye 10,000, vikawa 5,067. Geuzeni kuwa asilimia: 40, kisha 44, kisha 50.2, kisha 50.67. Unaona? Mirusho michache inayumba, mirusho mingi inatulia karibu na nusu.

Mtu mwenye haraka atasema, "Kumbe sarafu ilikuwa inalipa deni la vile vichwa vilivyopungua mwanzoni!" Hapana, mwanangu. Kwenye mrusho wa 100 vichwa vilipungua 6 kufikia nusu. Kwenye mrusho wa 10,000 vilizidi nusu kwa 67. Tofauti yenyewe ilikua! Ila 67 ndani ya 10,000 ni kidogo mno kuliko 6 ndani ya 100. Hakuna deni lililolipwa. Wingi wa mirusho ndio uliolimeza.

Tena tunao ushahidi mwingine. Katika mirusho 2,000 ya mwanzo, vichwa vinne vilifuatana mara 130. Wewe ungetabiri nini baada ya vichwa vinne mfululizo? Wengi wangeapa kwamba zamu ya upande wa pili imefika. Daftari linasema hivi: mara 69 kilifuata kichwa tena, na mara 61 ukafuata upande wa pili. Karibu nusu kwa nusu, kama siku zote. Sarafu haikumbuki ilikoangukia mara iliyopita. Matukio ya namna hiyo, ambayo la kwanza haligusi la pili, huitwa matukio huru.

Lakini si matukio yote yako huru. Tia gololi nne mfukoni, mbili nyekundu na mbili za buluu. Chopoa moja bila kutazama, iandike rangi yake, irudishe, tikisa mfuko, kisha chopoa tena. Mfuko umerudi kama ulivyokuwa, basi matukio hayo ni huru. Uwezekano wa kupata nyekundu mara zote mbili ni nusu mara nusu, yaani robo.

Sasa badilisha jambo moja tu: gololi ya kwanza usiirudishe. Ikiwa ulichopoa nyekundu, mfukoni zimebaki tatu, na nyekundu ni moja tu kati yake. Uwezekano wa nyekundu ya pili umeshuka kutoka nusu hadi theluthi. Nusu mara theluthi ni sehemu moja ya sita. Mfuko unakumbuka, kwa sababu ulichokitoa hakimo tena. Haya ni matukio tegemezi.

Usiniamini kwa maneno. Fanyeni kila jaribio mara 120, mwenzako akiandika. Ukirudisha gololi, nyekundu mbili zitatokea mara 30 hivi. Usiporudisha, zitatokea mara 20 hivi. Huenda zisifike pale kamili, na wala usizilazimishe. Andika ulichokiona, si ulichokitamani.

Kerrich na Christensen walikwenda mbali zaidi. Walichukua kisahani cha mbao chenye madini ya risasi upande mmoja, wakakirusha mara 1,000, na upande mmoja ukatokea mara 679. Kina pande mbili kama sarafu, lakini nusu haikuonekana. Aliyehesabu pande tu angekosea, na aliyejaribu ndiye aliyejua. Mwaka 1946 Kerrich aliyachapisha majaribio yao katika kitabu.

Basi, wajukuu, kabla hamjakadiria lolote, jiulizeni swali moja: je, tukio la kwanza limebadilisha chochote kwa la pili? Kama halikubadilisha, yaliyopita hayana uzito. Kama limebadilisha, hesabuni upya kwa kilichobaki. Na mtu akikuambia uweke pesa kwenye kamari kwa sababu namba fulani "imechelewa kutoka", mkatalie. Namba haichelewi, na pesa yako ikishaondoka haina ahadi ya kurudi.