Anachechemea lakini anasema haumii: mzazi, uliza tena

Mwisho wa wiki, Ifakara mjini na vijijini katika bonde la Kilombero, ukimtafuta kijana wako utampata uwanjani au kwenye kibanda umiza. Humo kibandani shujaa wa filamu hupigwa risasi, akafuta damu na kuendelea na mapambano. Zipo filamu za zamani za Uingereza ambazo natamani zingepewa hata jioni moja, maana humo anayeumia huumia kweli.

Zilitengenezwa miaka ya 1960, nyingi zikiwa hazina rangi, na zinahusu maisha ya wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani. Mojawapo ni *This Sporting Life* ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Lindsay Anderson. Frank Machin, mchimba makaa, anaanza kucheza raga ya kulipwa. Mapema tu anapigwa usoni, meno ya mbele yanavunjika. Anapelekwa kwa daktari wa meno, anavutishwa gesi ya usingizi, na sehemu kubwa ya kisa tunaiona kama kumbukumbu zake akiwa kwenye kiti kile. David Storey, aliyeandika riwaya yake na kisha filamu yenyewe, alikuwa mtoto wa mchimba makaa na aliwahi kuichezea Leeds raga. Alijua anachokisema.

Wenye timu wanalipia mwili wa Machin, basi. Ukiharibika, mkataba nao umekwisha. Hapo ndipo ninapomwona kijana wa Kilombero. Mbele yake kuna jembe la shamba la mpunga au panga la kukatia miwa, na mpira ndiyo njia pekee anayoiona ya kutokea. Huyo hatamwambia kocha kwamba goti linauma. Wewe nyumbani ndiyo kabisa, akihofia utamkataza kucheza.

Na sisi tumemzoesha. Watanzania tunaijua picha ya John Stephen Akhwari, Oktoba 20, 1968, akiingia uwanjani Mexico City na bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi wa marathoni, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni heshima ya nchi na itabaki hivyo. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima, akaamua mwenyewe. Mtoto wa miaka 13 anaamuliwa na makelele ya watu pembeni mwa uwanja. Katika *The Loneliness of the Long Distance Runner* ya mwaka 1962, kijana wa shule ya maadilisho anaongoza mbio, kisha anasimama karibu kabisa na mwisho huku mkuu wa shule akimtazama. Anasimama kwa ukaidi, si kwa maumivu. Hata hivyo ningependa vijana wetu waone kwamba kusimama kunawezekana.

Kwa hiyo akirudi jioni, usiulize matokeo tu. Mwambie achuchumae, mtazame anavyoinuka. Goti au kifundo kikivimba na akashindwa kutembea hatua nne, mpeleke hospitali akapigwe picha. Usianze kwa kumkanda na maji ya moto. Akigongwa kichwa, kisha akatapika, akapoteza fahamu au akawa anarudia swali lile lile, ni hospitali hapo hapo, hata kama ni fainali.

Tukirudi kwa meno ya Machin: jino la ukubwani likitoka zima, lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo bila kulisugua, ulirudishe kwenye tundu lake, na mtoto ang'ate kitambaa safi. Ikishindikana, liweke kwenye maziwa mumuwahi daktari wa meno, ikiwezekana ndani ya saa moja. Kipande kilichovunjika nacho kichukueni. Jino la utoto halirudishwi. Na maziwa yawe freshi, mtindi haufai.