Senti, Mapesa na Vijisenti

Njooni, wapwa zangu, kaeni hapa kivulini. Leo nimewaletea mgeni. Ni mdogo, ana rangi ya shaba, na ana tundu tumboni.

"Mjomba, ni pete?"

Si pete. Ni senti kumi, pesa ya enzi za Mwingereza. Haya, bibie, jitambulishe.

"Mimi ni senti kumi. Watu waliniita peni. Pembe za ndovu zimelizunguka tundu langu. Walinitunga kwenye uzi nisipotee. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilinunuliwa kwa mimi mmoja tu. Hunitaki? Basi husomi!"

Ana maringo huyu, lakini hasemi uongo. Zamani hizo senti ilikuwa pesa ya kweli. Gazeti lilinunuliwa kwa senti. Ratili ya pamba yetu hapa Usukumani ilihesabiwa kwa senti.

"Mbona sasa hatuzioni dukani?"

Umeuliza la maana, mwanangu. Bei zilipanda mwaka hadi mwaka, senti zikakosa cha kununua, zikatoweka. Neno lenyewe halikutoweka. Lilibaki midomoni, likabaki magazetini. Na hapo ndipo Bariadi yetu inapoingia.

Mnaijua michembe? Kiazi kibichi kinajaza kiganja. Bibi akikikata na kukianika uani, kinasinyaa. Ukiichemsha hiyo michembe, inavimba tena. Kiazi ni kilekile. Neno nalo ni hivyo hivyo. Pesa ukiitia ma-, inavimba: mapesa! Senti ukiitia viji-, inasinyaa: vijisenti.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1995 wagombea urais walikuwa wanne. Mmoja alikuwa John Cheyo wa chama cha UDP, mtu wa huku kwetu. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Cheyo akaahidi kuwajaza watu mapesa mifukoni. Magazeti yangeliacha neno tamu hivyo? Wapi! Yakamwita Bwana Mapesa. Urais hakuupata, ila jina lilimganda, akaenda nalo hadi bungeni alipokuwa mbunge wa Bariadi Mashariki.

"Na vijisenti?"

Hivyo ni vya mwaka 2008, na ni vya Bariadi pia, upande wa Magharibi. Mbunge wake, Andrew Chenge, alikuwa Waziri wa Miundombinu. Wachunguzi wa Uingereza walikuwa wakifuatilia ununuzi wa rada ya serikali ya Tanzania, wakakuta akaunti yake kwenye kisiwa cha Jersey, ina zaidi ya dola milioni moja. Waandishi wakamuuliza. Akaziita vijisenti. Alikanusha kufanya kosa lolote, lakini mwezi huohuo wa Aprili akajiuzulu uwaziri.

"Mjomba, dola milioni moja ni vijisenti?"

Ndiyo maana ninawapenda, mnauliza kama waandishi wa habari! Kwa wakati ule zilipita shilingi bilioni moja. Mama muuza dagaa sokoni akifungua pindo la khanga na kusema, "Nina vijisenti vyangu," nani atakasirika? Anajishusha, na kweli ni vichache. Mimi naona viji- haikuwa na kosa. Ilibandikwa tu kwenye mzigo usio wake. Magazeti yakalishika neno hilo, wachora katuni wakalishika, mitaani likawa utani wa kila siku. Ukifungua gazeti la mwaka ule leo, ukakutana na vijisenti, usidhani ni pesa ya karanga.

"Mjomba, kwani wewe unavyo vijisenti vya karanga?"

Ninavyo. Tena vyangu ni vijisenti kweli. Shikeni mia mbili hii, mgawane.