Akane au Asikane? Kuhusu Kazi Tunazopewa Darasani

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969 na imesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari. Ajabu ni kwamba mtu aweza kuijibia mtihani bila kuisoma. Anachohitaji ni madesa tu: dhamira, wahusika na sifa zao, mbinu za kisanaa, basi. Nina wenzangu hapa chuoni wanaoieleza tamthilia hiyo kwa ufasaha, lakini ukiwauliza Kitunda ni nani, wanacheka.

Kwa kawaida lawama hutupiwa wanafunzi, ati ni wavivu. Mimi naona tatizo liko kwenye kazi wanazopewa. "Jadilini dhamira za tamthilia hii" ni swali linalojibika kwa madesa, na mwenye akili timamu hatajisumbua iwapo njia nyepesi inampa maksi zilezile. Kwa hiyo anayebuni zoezi ajiulize kwanza: je, asiyefungua kitabu ataliweza? Kama ataliweza, halifundishi fasihi, hata likifanywa kwa makundi na chati zikabandikwa ukutani.

Hebu tuchukue mwisho wa tamthilia. Kinjeketile yuko kifungoni, vita vya Maji Maji vimekwisha kula watu, na Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Naye alishaanza kuyatilia shaka, maana maneno ya Hongo yaliwafanya watu kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoke kwa bwana huyu waende kwa yule. Akane au asikane?

Mwalimu alisimamishe darasa papo hapo, kurasa za mwisho zikiwa bado. Kila mwanafunzi aandike uamuzi wake peke yake, sentensi mbili tatu. Hili la peke yake si dogo: wakianzia kwenye makundi, ataamua msemaji mmoja na wengine wataitikia. Kisha wa "akane" wakae huku, wa "asikane" kule, na kila upande ulete maneno matatu ya wahusika, pamoja na kurasa yalipo. Hapo ndipo kitabu kinapofunuliwa! Wa kwanza watakimbilia shaka ya Kinjeketile mwenyewe. Wapinzani watauliza umoja wa makabila ulijengwa juu ya nini. Mgogoro umejitokeza, na mwalimu hajaandika neno ubaoni. Mwisho usomwe baada ya hapo. Kinjeketile anapokataa kukana, mwanafunzi anakutana na hoja ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuibishania.

Mtaniambia kipindi ni dakika 40, darasa lina watu 70, vitabu ni kumi. Sawa, kitabu kimoja kwa watu saba kinatosha, na mabishano yanaweza kungoja kipindi cha pili. Na yule aliyekwisha kuchungulia mwisho? Apewe kazi ya kutetea upande ambao Kinjeketile hakuuchagua.

Ninachokihofia zaidi ni mtihani. Mwalimu Nyerere alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, kwamba mitihani yetu hupima kukariri mambo na kuyatoa yanapotakiwa. Maadamu swali la mwisho wa mwaka ni lilelile la dhamira, mwanafunzi atayaona mabishano yetu kuwa ni mchezo wa kupotezea muda. Watunga mitihani wangeweza kumpa mtahiniwa nusu ukurasa wa mazungumzo ya tamthilia, kisha wamtake aeleze nani hapo anajua nini, na nani bado hajajua.