Gari Likitoa Mlio, Tujiulize Unasikika Wakati Gani

Gari linapoanza kutoa mlio usio wa kawaida, wengi wetu hufanya moja kati ya mawili: ama tunaongeza sauti ya redio, ama tunamwambia fundi, "Gari linalia." La kwanza halitengenezi kitu. La pili humwacha fundi akibahatisha, na kila anapobahatisha, fedha za matumizi ya nyumbani hununua kipuri kisichohitajika. Basi, ndugu msomaji, tusianze kwa kuuliza mlio huo ni wa nini. Tujiulize kwanza: unasikika wakati gani?

Gari likiwa limesimama, gia haijaingizwa na breki ya mkono imevutwa, tukanyage mafuta kidogo. Mlio ukisikika, kwa kawaida chanzo chake kimo katika injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Mlio mkali wa asubuhi, injini inapowashwa, mara nyingi ni wa mkanda uliolegea au kuchakaa. Usiposikika mpaka gari litembee, tuelekee kwenye magurudumu na viungo vyake.

Mvumo unaopanda pamoja na mwendo huweza kuwa wa tairi au wa beringi. Ukibadilika tunapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami ya kukwaruza, tushuku tairi. Ukibadilika katika kona, tushuku beringi. Barabara inapopinda kulia, uzito huelemea kushoto. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ikaguliwe kwanza. Mlio wa ta-ta-ta katika kona kali mara nyingi hutoka kwenye kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele: mpira wake hupasuka, grisi ikatoka na vumbi likaingia. Kugonga tunapovuka matuta aghalabu ni kwa bushi au shokapu zilizochoka.

Hayo yote tuyapeleke gereji mapema. Lakini ipo milio isiyotupa muda. Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo kinachogusa diski pedi inapokaribia kwisha, kikatoa mlio mwembamba. Hilo ni onyo. Ukigeuka mkwaruzo mzito, chuma kinasaga chuma, na safari ikome hapo. Injini ikigonga huku taa ya oili ikiwaka, tuegeshe mahali salama na kuizima papo hapo. Gurudumu likitikisika baada ya kubadilishwa tairi, tusimame tukague nati.

Kazi ya kusikiliza tusimwachie dereva, kwani macho na akili yake ni vya barabara. Aliyeketi pembeni azime redio, kisha aandike mlio ulitoka upande gani, katika mwendo gani, na kama ni kwenye kona, tuta au breki. Karatasi hiyo apewe fundi, naye aombwe apande gari ausikie mwenyewe kabla hajafungua nati hata moja.