Tamthilia bado haijakamilika, mbona tunaalikwa kuisikiliza?

Hakuna mavazi, hakuna taa za rangi, hakuna mandhari ya jukwaa. Kuna viti vinne au vitano, waigizaji wameshika karatasi, na kando yao amekaa mtu anayesoma yale maelekezo ambayo watazamaji huwa hawayasikii: mama anaingia, anafunga mlango, ananyamaza. Mwandishi mwenyewe yuko nyuma kabisa ya ukumbi na kalamu yake. Haongei.

Huo ni usomaji wa hadhara. Waigizaji wanapitia mswada mara moja au mbili tu, kisha wanausoma kwa sauti mbele ya watu wowote waliojitokeza. Baada ya hapo watu wanazungumza, na mwandishi anarudi nyumbani kuandika upya.

Njia hii inazifaa zaidi tamthilia fupi, zile za dakika 10 au 15. Kwa makadirio ya wengi ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo jioni moja inatosha kusikia kazi tatu au nne za waandishi tofauti. Na gharama? Ukumbi, maji ya kunywa na karatasi za kuchapa, pamoja na nauli za waigizaji. Kwa kijana ambaye hajawahi kupata mfadhili, tofauti ya hapo na onyesho kamili ni kubwa mno.

Sikio linakamata nini?

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda kwenye mswada anayemwambia abiria, "Naomba uniwie radhi kwa kuchelewa kwangu." Kwenye karatasi sentensi haina kosa. Mwigizaji akiitamka tu, ukumbi unacheka. Hakuna bodaboda anayeongea hivyo.

Au dada anamwambia kaka yake, "Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita." Sasa kama anajua, anaambiwa ya nini? Mwandishi alitaka sisi tujue, akakosa njia nyingine. Makosa ya aina hii mtu anaweza kuyasoma mara 20 peke yake asiyaone. Sikio linayakamata papo hapo.

Halafu kuna zile ishara zisizo na maneno: kikohozi, viti kulia, watu kucheka mahali palipotakiwa majonzi. Simu zikianza kuwaka gizani kwenye ukurasa wa 7, mwandishi hahitaji mhakiki. Anaandika tu pembeni: uk. 7.

Kamĩrĩĩthũ walifanya hivi tangu 1977

Mfano mzito zaidi katika eneo letu haukuwa wa tamthilia fupi, lakini ndio unaoonyesha nguvu ya jambo hili. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru nchini Kenya, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, wakaipeleka kwa wakazi. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliisoma, wakaijadili na kuikosoa. Wazee walisahihisha lugha ya wahusika wazee. Waliofanya kazi kiwandani walieleza maisha ya kule yalivyo hasa. Mazoezi yalifanyika wazi, anayepita anasimama na kutoa neno. Ukumbi wenyewe, wa wazi na wa kukaa watu zaidi ya 2,000, wanakijiji waliujenga wenyewe.

Onyesho lilianza Oktoba 1977. Novemba mwaka huohuo serikali ikafuta kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi.

Mimi naona hapo ndipo penye jibu kwa wanaosema usomaji ni mchezo wa wasanii wa mjini. Tamthilia ambayo watu wameisahihisha wenyewe inakuwa yao, na anayetaka kuizima analazimika kushughulika na kijiji kizima, si mwandishi mmoja.

Leo hali ikoje?

Kampala ni mahali pazuri pa kuangalia. Tamasha la kimataifa la maigizo la jiji hilo, lililoanza 2014 kwa ushirikiano wa Bayimba na taasisi ya Sundance ya Marekani, limekuwa likiweka usomaji wa miswada kwenye ratiba pamoja na maonyesho kamili. Kabla ya hapo Sundance ilikuwa na mpango wake Afrika Mashariki, uliowahi kuwakutanisha waandishi kwenye kisiwa cha Manda, Lamu, wakafanyie kazi rasimu zao. Mwandishi Deborah Asiimwe wa Uganda alikuwa kiungo katika yote mawili.

Kwa Kenya, shule na vyuo vinazalisha michezo mipya kila mwaka kwa ajili ya tamasha la kitaifa la maigizo. Ila kule maoni ya majaji yanakuja pamoja na alama, mchezo ukiwa tayari kwenye mashindano. Ukikosea, umekosea. Usomaji unakuja mapema, wakati kufuta ukurasa mzima hakumuumizi mtu sana.

Wasikilizaji nao wana mipaka

Tatizo la kweli ni yule mtu anayenyoosha mkono na kusema, "Mimi ningekuwa wewe, yule binti ningemwozesha." Watano wakisema hivyo, mwandishi mchanga anaondoka na tamthilia ya watu watano.

Liz Lerman, mbunifu wa dansi wa Marekani, alianza mwaka 1990 kutengeneza utaratibu ambao sasa unatumika hata kwenye maigizo. Kwanza wasikilizaji wanasema kilichowagusa. Pili, msanii anauliza maswali yake. Tatu, wasikilizaji wanauliza yao, lakini maswali yasiyoficha hukumu. Maoni yanakuja mwisho kabisa, tena kwa ruhusa: nina maoni kuhusu mwisho wa mchezo, ungependa kuyasikia? Na msanii anaweza kusema hapana. Kwa wengi wetu tuliozoea kumwambia mtu ukweli wake mbele ya watu, hatua hii ya nne ni ngumu kweli.

Na mtu akiiba wazo?

Swali hili huulizwa sana. Kwa sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania, kinacholindwa ni maandishi yenyewe, si wazo. Hadithi ya mjane anayenyang'anywa shamba mtu yeyote anaweza kuiandika. Mazungumzo uliyoyaandika wewe, hapana. Ulinzi unaanza kazi ikishaandikwa, ila kuisajili KECOBO au COSOTA kunakupa ushahidi mapema iwapo kutatokea mgogoro. Kwa hiyo wapo waandaaji wanaokataza kurekodi kwa simu na kukusanya karatasi zote kabla watu hawajatoka.